Mbuni Unaokufa Njaa Huku Majani Yake Yakiwa Mabichi

Upumuaji na usafirishaji wa chakula katika mimea

Utangulizi

Wakulima wa kahawa katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru, kuanzia Ilboru juu ya mji wa Arusha hadi Akheri na Nkoaranga upande wa mashariki, hukutana na jambo moja la kustaajabisha. Mkulima aweza kuukuta mbuni mchanga uliotafunwa gome lake pande zote, karibu kabisa na ardhi, hata mti mweupe wa ndani ukawa wazi. Lakini majani ya mbuni huo bado ni ya kijani. Hayakunyauka, na mtu apitaye njiani atauhesabu miongoni mwa mibuni yenye afya.

Majuma hupita, pengine miezi. Kisha majani huanza kugeuka manjano, matawi hukauka kuanzia nchani, na hatimaye mti wote hufa. Mkulima akiung'oa huikuta mizizi imekwisha kufa.

Hapa pana maswali mawili. Kwanza, kwa nini mbuni huo haukufa siku zile zile ulipojeruhiwa? Pili, kwa nini ulikufa baadaye, ilhali haukukosa maji, wala jua, wala mbolea? Anayetaka kuyajibu maswali haya hana budi kuelewa kazi mbili zinazofanyika ndani ya kila mmea usiku na mchana. Kazi hizo ni upumuaji na usafirishaji wa chakula.

Mimea hupumua

Wanafunzi wengi hujifunza kwamba mnyama huvuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, na kwamba mmea hufanya kinyume chake. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba jani lililo katika mwanga hutumia kabonidayoksaidi na maji kutengeneza sukari, na hutoa oksijeni. Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Lakini kila seli hai ya mmea, iwe ya jani, ya shina, ya ua, ya tunda au ya mzizi, hupumua pia. Mwaka 1779 mwanasayansi wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, alichapisha matokeo ya majaribio yake yaliyoonyesha kwamba mimea husafisha hewa katika mwanga wa jua tu, na kwamba gizani huichafua hewa kama wafanyavyo wanyama.

Katika sayansi, upumuaji si kule kuvuta na kutoa hewa kwa pua. Ni kazi ya kemia ifanyikayo ndani ya seli, ambapo sukari huvunjwa kwa msaada wa oksijeni ili nishati iliyomo ndani yake itumike. Kwa muhtasari:

C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O + nishati

Gramu 180 za glukosi zikivunjwa kabisa kwa njia hii hutoa nishati ya kilojuli 2,800 hivi. Seli haiachilii nishati hiyo yote kwa mara moja kama ufanyavyo moto wa kuni. Huitoa hatua kwa hatua, na sehemu yake huwekwa katika kemikali iitwayo ATP, ambayo seli huitumia kama mtu atumiavyo fedha ndogo ndogo sokoni. Hatua nyingi za mwisho hufanyika katika viungo vidogo vya seli viitwavyo mitokondria. Nishati inayobaki hupotea kama joto.

Mambo matatu kuhusu upumuaji yafaa kukumbukwa. La kwanza ni kwamba upumuaji haupumziki. Usanisinuru hukoma jua linapotua, lakini upumuaji huendelea usiku kucha. Kwa kawaida, karibu nusu ya sukari yote inayotengenezwa na mmea hurudi kutumika katika upumuaji wa mmea wenyewe.

La pili ni kwamba kasi ya upumuaji hutegemea joto. Katika vipimo vya joto vya kawaida, joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za Sentigredi, kasi hiyo huongezeka karibu mara mbili. Hii ni sababu mojawapo ya kahawa ya Arabika kupendelea miinuko kama ya Meru. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa meta 1,400 hivi, na mashamba mengi ya kahawa yako juu zaidi ya hapo. Usiku wa baridi wa Juni na Julai huzipunguzia seli mwendo wa kutumia sukari iliyotengenezwa mchana. Maua na mboga zinazosafirishwa kutoka Arusha huwekwa katika vyumba vya baridi kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa ua lililokatwa bado hupumua, na akiba yake ikiisha hunyauka.

La tatu ni kwamba mizizi nayo huhitaji oksijeni. Udongo wa volkano wa Meru ni wenye kina na vinyweleo vingi, na hewa hupenya ndani yake kwa urahisi. Katika bonde ambamo maji husimama, vinyweleo hivyo hujaa maji na oksijeni hupungua. Hapo seli za mizizi hulazimika kuvunja sukari bila oksijeni. Njia hiyo hutoa alkoholi na sehemu ndogo tu ya nishati ambayo ingepatikana. Ndiyo maana mbuni haustahimili udongo wa kinamasi.

Mpishi yuko mbali na walaji

Ikiwa kila seli hupumua, basi kila seli huhitaji sukari. Lakini si kila seli iwezayo kuitengeneza. Mzizi ulio gizani hauna klorofili wala mwanga. Ua, mbegu inayokua na ncha ya tawi changa pia hutumia sukari nyingi kuliko iwezayo kutengenezwa mahali hapo. Jani lililokomaa ni kama jiko la nyumba kubwa yenye walaji waliotawanyika, wengine wakiwa meta kadhaa kutoka jikoni, tena chini ya ardhi.

Sehemu inayotoa sukari huitwa chanzo, na sehemu inayoitumia au kuihifadhi huitwa mpokeaji. Jani changa huanza maisha yake likiwa mpokeaji na likikomaa hugeuka kuwa chanzo. Mizizi ya mbuni huwa mpokeaji inapoweka akiba ya wanga, lakini akiba hiyo ikihitajika juu, mizizi hiyo hiyo huwa chanzo.

Njia mbili ndani ya shina

Ndani ya shina la mbuni mna njia mbili za usafirishaji. Ya kwanza iko katika mti wenyewe, yaani sehemu ngumu iliyo ndani ya gome. Njia hii huitwa zailemu. Mirija yake imefanywa kwa seli zilizokufa zikabaki kuta tupu, nayo hupandisha maji na madini kutoka mizizini hadi majanini. Nguvu kubwa ya kuyavuta maji hayo hutokana na kukauka kwa maji kwenye majani.

Njia ya pili iko katika sehemu ya ndani ya gome, nayo huitwa floemu. Mirija yake ni ya seli hai, ndefu, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kuta zinazozitenganisha zina matundu kama chekecheo, kwa hiyo utomvu hupita kutoka seli hadi seli. Kando ya kila mrija kuna seli ndogo wenzi zinazouhudumia na kuupatia nishati. Kati ya floemu na zailemu kuna utando mwembamba wa seli zinazogawanyika, uitwao kambiamu, ambao huongeza unene wa shina mwaka hata mwaka.

Katika karne ya 17, mtaalamu wa Kiitalia Marcello Malpighi aliondoa gome kwa umbo la pete kuzunguka mashina ya miti. Aliona kwamba sehemu ya juu ya pete ilivimba, lakini ile ya chini haikuvimba, na majani hayakunyauka upesi. Alifikiri kwamba kitu fulani cha kuulisha mti kilikuwa kikishuka kwa njia ya gome, na pale kilipozuiwa kilijikusanya. Katika miaka ya 1920, T. G. Mason na E. J. Maskell walifanya uchunguzi wa pamba huko Trinidad, na maandiko yao ya mwaka 1928 yalionyesha kwa vipimo kwamba kinachosafiri katika gome ni sukari. Pete ilipokatwa, msafara wa sukari ulikoma.

Namna chakula kinavyosukumwa

Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi yalitolewa na Mjerumani Ernst Münch mwaka 1930. Katika jani, sukari ya aina ya sukrosi huingizwa ndani ya mirija ya floemu kwa kutumia nishati ya ATP. Mirija ikijaa sukari, maji kutoka zailemu iliyo jirani huingia kwa njia ya osmosisi, na kanieneo ndani yake hupanda, mara nyingi kufikia mara 10 hivi ya kanieneo ya hewa. Katika mzizi au tunda, sukari huondolewa ili itumike au ihifadhiwe. Maji nayo hutoka, na kanieneo hushuka. Kwa hiyo utomvu hutiririka kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye kanieneo ndogo.

Mfano wa mifereji ya umwagiliaji ya Wameru na Waarusha wasaidia hapa, lakini una mpaka wake. Maji ya mfereji hayawezi kupanda mlima, ila utomvu wa floemu huweza kupanda au kushuka, kwa kuwa haufuati mteremko wa ardhi. Hufuata mteremko wa kanieneo. Jani moja laweza kuilisha mizizi iliyo chini na chipukizi lililo juu.

Wadudu wadogo waitwao vidukari walisaidia kuithibitisha hali hiyo. Kidukari huchoma mdomo wake mwembamba moja kwa moja ndani ya mrija wa floemu. Mwaka 1953 J. S. Kennedy na T. E. Mittler walieleza kwamba mdudu akikatwa na kuondolewa, mdomo wake ukabaki ndani ya mmea, utomvu huendelea kutoka kwa saa nyingi bila kuvutwa na yeyote. Hivyo ilionekana kwamba utomvu unasukumwa kutoka ndani. Kasi yake kwa kawaida ni kati ya sentimeta 30 na meta 1 au zaidi kidogo kwa saa, na sukari huwa sehemu kubwa ya vitu vilivyoyeyuka ndani yake.

Ni dhahiri basi kwamba kazi hizi mbili hutegemeana. Upumuaji hauwezi kuendelea mizizini bila sukari iliyosafirishwa, na usafirishaji hauwezi kuanza majanini bila nishati ya upumuaji.

Fumbo la mbuni

Anayetafuna gome la mbuni ni funza wa mdudu aitwaye bungua mweupe, ambaye jina lake la kisayansi ni Monochamus leuconotus. Ni mdudu mwenye papasi ndefu, mwili wake una urefu wa sentimeta 3 hivi, na mabawa yake ni meupe yenye madoa meusi. Wadudu wapevu hutoka hasa mvua zinapoanza, na jike hutaga mayai katika gome karibu na ardhi. Funza huanza kwa kula chini ya gome, mara nyingi akilizunguka shina, kisha huingia ndani ya mti. Madhara yake huwa makubwa zaidi katika mashamba ya miinuko ya chini.

Maswali ya mwanzo sasa yana majibu. Funza akizunguka shina, huikata floemu lakini zailemu hubaki. Maji huendelea kupanda, kwa hiyo majani hayanyauki, na usanisinuru huendelea. Lakini sukari ikifika penye jeraha haina njia, nayo hukusanyika juu yake. Mizizi, ambayo haiachi kupumua hata saa moja, hulazimika kutumia akiba ya wanga. Siku ambazo mti huonekana mzima ni siku za kuila akiba hiyo. Akiba ikiisha, mizizi hufa njaa, maji na madini hukoma kupanda, na ndipo majani hugeuka manjano. Kwa maneno mengine, manjano hayo huja mwishoni mwa ugonjwa.

Mbuni uliozidiwa na matunda

Mbuni waweza pia kufa njaa bila kuguswa na funza. Hali hii huonekana baada ya mwaka wenye maua mengi, hasa katika shamba lisilo na kivuli wala matunzo. Baadhi ya miti ya matunda huangusha matunda machanga yanayozidi uwezo wake. Mbuni hauna desturi hiyo kwa kiasi cha kutosha. Matunda yake ni wapokeaji wenye nguvu kubwa. Yanapojaza mbegu huvuta sukari kutoka majanini, na isipotosha, wanga uliohifadhiwa katika matawi na mizizi hutumika pia. Uchunguzi wa M. G. R. Cannell katika kituo cha Ruiru, Kenya, uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulionyesha namna matunda mengi yanavyochukua fungu kubwa la chakula cha mti na kupunguza ukuaji wa matawi na mizizi.

Matokeo yake ni majani kupukutika, nchi za matawi kukauka, na mavuno ya mwaka unaofuata kuwa haba. Ugonjwa wa kutu ya majani huongeza taabu, kwa sababu huangusha majani, yaani vyanzo, huku walaji wakibaki wale wale.

Mafunzo kwa kazi ya shamba

Elimu hii huonyesha sababu ya mashauri ambayo wakulima wamepewa kwa miaka mingi, tangu siku za kituo cha Lyamungu kilichoanzishwa mwaka 1934 katika miteremko ya Kilimanjaro, ambacho leo ni makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania.

1. Tako la mbuni likaguliwe mara kwa mara, hasa baada ya mvua kuanza. Unga wa mti uliorundikana chini ya shina ni dalili ya bungua. Wadudu wapevu waokotwe na kuuawa, gome kavu linalobanduka likwanguliwe kwa uangalifu ili jike akose pa kutagia, na funza aliye ndani ya tundu achomwe kwa waya mwembamba.

2. Mbuni uliozungukwa na jeraha usisubiriwe hadi ugeuke manjano. Ikiwa gome chini ya jeraha lingali hai, na mizizi ingali na akiba, kulikata shina mapema chini ya jeraha kwaweza kutoa machipukizi mapya. Akiba ikiisha, kukata hakutasaidia.

3. Dawa ya dieldrini, ambayo zamani ilipakwa kwenye mashina kuzuia bungua, isitumike. Hudumu sana katika mazingira na katika miili ya viumbe, nayo imo katika orodha ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001.

4. Mibuni ipogolewe kila mwaka ili idadi ya matunda ilingane na majani. Kivuli cha wastani cha migomba, mringaringa au mgrevilea hupunguza wingi wa maua na joto la majani.

5. Waya au kamba isifungwe kuzunguka mti wowote ulio hai. Shina linaponenepa, waya huikaba floemu polepole na kufanya kazi ile ile ya funza. Vivyo hivyo, mwenye kuchuma gome kwa ajili ya dawa asilichune kuzunguka shina lote.

Majaribio ya shule

Jaribio la 1: Joto la upumuaji. Chukua chupa mbili za chai za aina moja. Katika ya kwanza weka maharage yaliyolowekwa na kuanza kuota. Katika ya pili weka maharage ya kiasi hicho hicho yaliyochemshwa na kupozwa. Yote yasuuzwe kwanza kwa dawa hafifu ya kuua vijidudu, kwani vijidudu navyo hupumua. Weka kipimajoto katika kila chupa, ziba kwa pamba, na andika joto asubuhi na jioni kwa siku tatu. Chupa ya mbegu hai itakuwa na joto zaidi.

Jaribio la 2: Hewa ya upumuaji. Weka maharage yanayoota ndani ya chupa ya kioo pamoja na kichupa kidogo cha maji ya chokaa yaliyo maangavu, kisha funika. Katika chupa nyingine tumia maharage yaliyochemshwa. Baada ya siku moja, maji ya chokaa yaliyo na mbegu hai yatakuwa meupe kama maziwa, dalili ya kabonidayoksaidi.

Jaribio la 3: Pete ya Malpighi. Chagua tawi moja la mpera, wala si shina. Ondoa gome kwa umbo la pete yenye upana wa sentimeta 2, na kwangua utelezi uliobaki ili kambiamu isiote gome jipya. Kagua kila juma kwa miezi miwili. Chora uvimbe utakaotokea, na uonyeshe uko upande gani wa pete.

Maswali ya marudio

1. Eleza kwa nini si sahihi kusema kwamba mimea hupumua usiku tu.

2. Funza akila zailemu yote ya shina akaacha floemu, mmea utakufa upesi zaidi au polepole zaidi kuliko ukikatwa floemu? Toa sababu.

3. Katika Jaribio la 3, kwa nini mti mzima haufi ingawa tawi moja limekatwa floemu?

4. Mkulima mmoja aliung'oa mbuni uliokuwa na majani ya manjano, akasema kwamba ugonjwa ulianza juma hilo. Msahihishe kwa kutumia yaliyoelezwa kuhusu akiba ya wanga.